Shefu-bandi kwenye kilio cha Papa Mushauri

Kalemie yote inajua kupanga watu wa filamu, hata mama muuza ndakala, samaki wale wadogo wa ziwani, ambaye hajawahi kushika kamera. Kuna akteri: huyo ndiye mwenye filamu, hafi hata apigwe bomu. Kuna rafiki ya akteri, mpole, mpenda masihara, na ukimwona anatoa picha ya mchumba wake mfukoni ujue hamalizi nusu saa. Kuna shefu-bandi, anayekaa kwenye kiti kikubwa na kucheka peke yake. Halafu kuna wale bandi wadogo, wanaoanguka hovyo hovyo na hakuna anayeuliza walizikwa wapi. Watu walijifunza haya kwenye vibanda vya video, zamani zile za jenereta, na hawajayasahau. Kwa hiyo Cédrick alipoanzisha emisyo yake, kipindi cha michezo ya kuigiza, kwenye televisheni ya mji, hakujisumbua kubuni watu wapya. Alitafuta tu sura zinazofaa.

Sura ya Urbain ilifaa, masikini. Urbain ni fundi wa kuchomelea vyuma pale Kataki, mtu wa kwenda misa na kurudi, na kwake anayegomba ni mke wake Éliane, si yeye. Lakini alizaliwa na nyusi zilizokutana katikati, na cheche ya moto ikamwongezea kovu shavuni. Siku Cédrick alipomletea mguu wa kamera uliovunjika, alimtazama, akazunguka upande wa pili, akamtazama tena. "Papa Urbain," akasema, "wewe njo shefu-bandi yangu." Ikawa yeye ndiye; hata hakumwuliza kama anajua kuigiza.

Tangu hapo ameiba watoto, amechoma hati za mashamba, amemtilia mjane sumu kwenye bugali, na yote hayo siku ya Jumapili, watu wakiwa ndio kwanza wametoka kanisani. Mwanzoni alifurahi kujulikana. Baadaye akaona wamama sokoni wanamwuzia nyanya kwa mkono mmoja, mkono wa pili umeshika mkoba. Hilo alilivumilia. Kilichomuuma hasa ni milango.

Milango ya chuma ndiyo kazi anayoijua kuliko zote, na ndiyo kazi anayoipenda. Watu wakamletea vitanda. Wakamletea viti, majiko, baiskeli zilizokatika shingo. Milango wakaipeleka kwa mafundi wengine. Mama mmoja wa Lubuye alimwambia wazi, tena bila ubaya wowote, "Papa Urbain, usikasirike, lakini wewe unajua namna ya kufungua." Urbain akajaribu kumweleza kwamba ule mlango aliouvunja kwenye emisyo ulikuwa wa mbao, na haukuwa na kufuli, na Cédrick ndiye aliyeufungua kutoka ndani. Yule mama akaitika kwa heshima zote, akaenda zake.

Basi Urbain alikuwa na hamu moja tu, na hakuificha. Alitaka kupewa nafasi ya mtu mwema. Si ya akteri, hapana, umri ulishapita na tumbo lilishakuja. Alitaka ya Papa, yule mzee wa nyumba anayekaa mwisho wa mchezo na kunyoosha mambo. Kila alipomgusia Cédrick, Cédrick alicheka na kumwuliza nani atakayekubali kushauriwa na nyusi zile. Na kwa kweli nafasi yenyewe haikuwa wazi. Ilikuwa na mwenyewe, naye ni Salomon.

Salomon alikuwa karani wa stoo bandarini mpaka alipostaafu. Kwenye emisyo aliitwa Papa Mushauri, na jina hilo likafuta lile alilobatizwa. Kila mchezo uliisha namna moja: mtoto amepotea njia, au ndugu wamegombania shamba, na Papa Mushauri anavua miwani yake, anaifuta taratibu kwa kitambaa, anaivaa tena, kisha anasema kwa sauti ya chini, "Mwanangu, keti." Mtoto anakaa. Anaambiwa maneno mawili matatu, analia, na wanaotazama wanalia naye, kuanzia Kalemie mpaka Mpala, na huko Nyunzu wanakotumiana kwa simu. Kitu ambacho watazamaji hawakukijua ni kwamba ile miwani haikuwa na vioo. Cédrick alivitoa mwanzoni kabisa kwa sababu vilirudisha mwanga wa taa kwenye kamera. Miaka yote hiyo Salomon alikuwa anafuta hewa, na mji mzima unatoa machozi.

Urbain alijua. Alikuwa rafiki yake. Na zaidi ya urafiki walikuwa watani, maana ukoo wa mama yake Urbain ni watu wa Mbuzi na ukoo wa Salomon ni watu wa Chui, na tangu enzi za mababu watu hao wanataniana bila mtu kukasirika. Urbain aliweza kuingia kwa Salomon, akachukua kuku na kuondoka naye, na Salomon asiseme kitu. Lakini kuku mwenyewe hakumchukua hata mara moja. Alikwenda tu, akakaa naye uani, wakanyamaza pamoja.

Salomon akafa. Kifua kilikuwa kimemsumbua muda mrefu, kumbe, ila hakumwambia mtu. Asubuhi moja mke wake, Mama Lucie, alikwenda kumwamsha, akakuta ameshaondoka.

Kilio kilikuwa kikubwa kuliko vilio vya wakubwa wa serikali. Walikuja watu waliomjua na watu waliomwona kwenye simu tu, wakajaa chini ya turubai wakakosa viti. Ulrich, mtoto wake mkubwa, alishuka na ndege kutoka Lubumbashi akiwa na mzigo wa tisheti zenye picha ya baba yake, na picha aliyoichagua ilikuwa ile ya miwani. Kwenye msalaba, chini ya jina la Salomon, wakaandika Papa Mushauri kwa herufi kubwa zaidi. Ulrich hakufanya hivyo kwa ubaya. Miaka mingi alikuwa anaishi mbali, na baba aliyemwona mara kwa mara ni huyo wa kwenye simu.

Mama Lucie alikaa kwenye mkeka katikati ya wanawake, macho makavu. Walilia kushoto, walilia kulia, yeye anatazama vidole vya miguu yake. Walipotoka makaburini bado hajalia. Mashemeji wakaanza kutazamana, na huko kwetu mjane asiyelia haachwi hivi hivi. Watu huanza kuuliza marehemu alikula nini jioni yake ya mwisho, na nani aliyempikia.

Ikabaki siku ya kuondoa matanga. Siku hiyo, kwa watu wa Mbuzi na wa Chui, mtani ndiye mwenye kazi. Anavaa nguo za marehemu, anatoka ndani ya nyumba yake, anatembea kama yeye, anasema kama yeye, anadai chakula, anagombana na majirani, mpaka watu wacheke na huzuni ipungue. Hakuna ruhusa ya kumzuia. Mwenye jambo lake na marehemu anaruhusiwa kulisema mbele ya wote, maana nguo ziko pale na kuna mtu ndani yake. Padri analijua jambo hili, na siku kama hizo huwa na safari. Mtani wa kufanya kazi hiyo alikuwa Urbain.

Siku moja kabla, Cédrick alimfuata kwenye karakana yake. Alikuwa na macho mekundu, maana na yeye alimpenda Salomon, hilo tusimnyime. Lakini mtu wa kamera hata akilia anapima mwanga.

"Papa Urbain," akasema, "kesho nitaleta kamera. Utavaa nguo ya muzee, utatoka, utafanya Papa Mushauri kwa mara ya mwisho. Watu watakuona mule ndani. Watakuzoea."

"Watanizoea kwa nini?"

"Kwa kuwa baadaye tutasema Papa Mushauri alikuwa na mudogo wake, amefika kutoka Kiambi. Huyo mudogo ni wewe." Cédrick akatoa mfukoni kitambaa, akakifungua, na ndani yake ilikuwamo ile miwani isiyo na vioo. "Ukifanya sawasawa kesho, hutashika tena kisu kwenye emisyo yangu. Wewe njo utakuwa Papa."

Urbain aliipokea kwa mikono miwili. Alifurahi. Alijiona mbaya kufurahi, rafiki yake hata udongo wa kaburi haujakauka, lakini alifurahi, na alipobaki peke yake aliijaribu mbele ya kipande cha kioo kilichobandikwa ukutani. Nyusi zilifichika nusu.

Mchana huo huo alikwenda kwa marehemu kuchukua nguo. Ulrich alimpokea mlangoni, akamshika mkono muda mrefu, akamwomba amtendee baba heshima, amtoe kama watu walivyomjua. Urbain akamhakikishia. Kisha Mama Lucie akamwita nyuma ya nyumba, penye jiko, akampa koti la kahawia la Salomon, lile alilolivaa kila siku hata jua likiwaka.

"Papa Urbain," akasema, "tangu watu waanze kuja, wananililia muntu mimi simujui."

Urbain akalikunja koti mkononi.

"Wananiambia, Mama, umepoteza mushauri mukubwa. Mushauri gani? Salomon hakunishauri hata siku moja. Watoto mimi njo niliwagombeza, mimi njo niliwaketisha. Yeye alikuwa na redio yake." Alisema bila kupandisha sauti, kama anayeeleza bei ya mkaa. "Mimi nilikuwa na bwana. Huyo wa kwenye tisheti sina habari naye. Namutafuta wangu kichwani, kila nikimufikia wanamuleta ule mwingine na miwani yake, wananifunika. Nimejaribu kulia, machozi yanakataa. Nao wameanza kuniangalia."

"Nawaona, Mama."

"Kesho ukivaa hiyo koti, uniletee yeye mwenyewe. Hata kidogo tu. Nina neno la kumuuliza."

Urbain aliondoka na koti begani akiwa na hasira, na hasira yenyewe hakujua aielekeze wapi. Miaka yote hiyo amengoja nafasi moja, na siku inakuja, anakuja mjane kuidai. Angemkatalia mtu mwingine yeyote. Mama Lucie alikuwa amempa chai uani pale mara zisizo na hesabu, na hakuwahi kushika mkoba wake.

Alimweleza Éliane. Éliane hakupenda kuzunguka.

"Ukicheza ule wa televisheni, tutapata milango," akasema. "Ukicheza wa Mama Lucie, tutapata asante."

"Na wewe unasema nini?"

"Mimi nasema milango." Aliendelea kuchambua lengalenga, mboga ya jioni, kisha akaongeza, "Lakini si mimi nitakayevaa koti."

Siku ya pili, jua likiwa limesimama vizuri, watu walijaa uani mpaka kwenye ukuta wa jirani. Cédrick alisimamisha kamera yake mbele ya mlango. Ulrich alikaa mstari wa mbele, amevaa tisheti. Mama Lucie alikuwa kwenye mkeka wake karibu na jiko, amezungukwa na mashemeji. Ndani ya nyumba Urbain alivaa lile koti, ambalo lilimbana tumboni, akavaa viatu vya Salomon, vile vya plastiki vilivyokanyagwa visigino, na akavaa miwani. Akatoka.

Aliamua milango. Tusimpambe, alitoka akiwa ameshaamua milango. Akasimama kizingitini, akavua miwani, akaifuta kwa kitambaa taratibu kama alivyomwona Salomon akiifuta maelfu ya mara, akaivaa. Akamtazama Ulrich.

"Mwanangu," akasema kwa sauti ya chini, "keti."

Ulrich alikuwa ameshakaa, lakini alianguka kutoka kwenye kiti na kulia kama mtoto. Wanawake wakapiga kelele. Mtu nyuma akasema, "Ni yeye mwenyewe." Cédrick akainua kidole gumba bila kutoa jicho kwenye kamera. Na Urbain akaona nyuso zote zimemgeukia, na hakuna hata moja yenye woga, hakuna mkono ulioshika mkoba. Ilikuwa tamu, tena tamu sana. Akasema maneno ya Papa Mushauri kuhusu ndugu kupendana, akasema na ya mti na mizizi, watu wakatikisa vichwa. Angeweza kuendelea hivyo mpaka jioni.

Kilichomharibia ni mfuko. Alitia mkono ndani ya koti ili asimame kwa heshima, na vidole vikakuta maganda ya karanga. Mfuko mzima ulikuwa maganda ya karanga. Salomon alinunua karanga kila siku pale kona, akazila peke yake, kwa siri, hata mke wake hakupewa, na ukimwuliza unatafuna nini alikuonyesha mkono mtupu. Urbain akageuza macho kumtafuta Mama Lucie. Mama Lucie alikuwa anatazama vidole vya miguu yake. Shemeji mmoja alikuwa anamtazama mjane huyo.

Urbain akaiacha hotuba katikati. Cédrick akadhani ni sehemu ya mchezo, akasogeza kamera karibu. Hapo Urbain akainua mkono, akapitisha kidole katikati ya fremu ya miwani, pale watu waliposadiki kuna kioo, na akajikuna jicho.

Kisha mtoto fulani akacheka, na bibi mmoja akauliza, "Kumbe haina kioo?" Urbain akaivua, akaiweka juu ya dirisha. Mabega yakamshuka. Akaburuza viatu, kisigino nje, akavuka katikati ya watu bila kusalimu mtu, maana Salomon hakusalimu mtu kabla ya chai, akachukua kiti, akakiburuza mpaka kwenye kivuli cha ukuta wa jiko, akakigeuza kuwapa watu mgongo. Akakaa. Akainua mkono sikioni kama ameshika redio. Halafu, taratibu, akatia mkono mwingine mfukoni, akatazama kushoto, akatazama kulia, akajifanya anatia karanga mdomoni.

Jirani wa ukuta ndiye aliyeanza. "Salomon," akaita, "unakula nini?" Urbain akatoa mkono, akauonyesha mtupu, mashavu yamejaa. Majirani wakavunjika mbavu. Wale wa mbali, wa kwenye simu, waliangaliana hawajui kama wacheke.

Ulrich aliinuka. "Papa Urbain, si hivyo tulivyosema. Unamharibia jina muzee."

"Mutani hazuiliwi," akasema shangazi mmoja mzee wa ukoo, bila hata kugeuka.

Ulrich hakusikia, akasogea mpaka kwenye kiti. "Papa," akasema, na alikuwa anamwita Urbain, Papa Urbain, ila jina lilimkwama. Urbain hakugeuka. Aliinua kidole kimoja tu juu, subiri kwanza, sikio liko kwenye redio. Ulrich akasimama pale pale. Kidole kile alikijua. Alikuwa ameletea kidole kile matokeo ya shule, homa, na habari ya mchumba wake wa kwanza. Akakitazama, mdomo ukamcheza, na akacheka, akacheka mpaka akajifuta macho kwa ncha ya tisheti yake.

Urbain akainuka, akaenda kwenye mbabula ya Mama Lucie, lile jiko dogo la mkaa. Akapiga magoti. Akapanga mkaa wa kufikirika, akaanza kupuliza, mashavu yanavimba, anakohoa, anautukana mkaa kwa sauti ya chini. Kila asubuhi Salomon aliwasha mbabula hiyo kabla mke wake hajaamka, akarudi kitini, na hakusema kitu. Urbain alimwona mara chache, kwa mgongo tu, alipopita mapema kwenda kazini. Wengine wote pale uani hawakujua.

"Hakuwa anapuliza."

Ilikuwa sauti ya Mama Lucie. Mashemeji wakageuka. Alikuwa ameinua uso.

"Hakupuliza hata siku moja," akasema. "Kifua hakikumuruhusu. Alipepea na kifuniko cha sufuria."

Urbain akachukua kifuniko, akapepea.

"Polepole. Si hivyo, utaamusha watu."

Akapepea polepole. Mama Lucie akainuka kwenye mkeka, akajikokota hadi pale penye mbabula, akachuchumaa upande wa pili. Akamtazama yule mtu aliyevaa koti.

"Salomon," akasema. "Kifua kilikuwa kinakuua. Kwa nini hukuniambia?"

Hapa uani hapakuwa na wa kucheka. Cédrick akanyoosha shingo juu ya kamera, na Urbain alimwona kwa pembe ya jicho anaomba kwa mdomo bila sauti: sema, sema neno. Papa Mushauri angekuwa nalo. Papa Mushauri angesema, Mke wangu, sikutaka kukubebesha mzigo, na dunia yote ingelia. Urbain aliliona neno lile limekaa tayari kwenye ulimi, zuri, limefutwa kwa kitambaa. Mama Lucie alikuwa anangoja.

Urbain akaacha kupepea. Akatazama kushoto, akatazama kulia, akapapasa magoti, akapapasa mifuko.

"Nani amegusa redio yangu?" akauliza.

Mama Lucie alimtazama. Kicheko kilimtoka puani kwanza. Kikaja cha pili, akajipiga paja. "Ni hivyo," akawaambia mashemeji, "njo yeye huyu, ukimuuliza kitu, redio, ukimuuliza kitu, redio," na kabla hajamaliza kucheka kilio kikamkata, akainama juu ya mbabula baridi na kulia kwa sauti iliyomfanya hata jirani wa ukuta avue kofia. Alilia jina lake, Salomon, lile la kubatizwa. Mashemeji wakamshika, na sasa na wao walilia kweli. Ulrich akapiga magoti nyuma ya mama yake. Urbain akabaki na kifuniko mkononi, machozi yanapita juu ya lile kovu, na hakuyafuta kwa sababu Salomon hakuwa na kitambaa. Kitambaa kilikuwa cha emisyo.

Baadaye watu walikula, wakaongea habari nyingine, wakaanza kutawanyika. Wanawake wawili wasiojulikana na mtu, waliokuja kwa ajili ya Papa Mushauri, walipita karibu na Urbain, na mmoja akasema, bila kujali kama anasikika, kwamba ule bandi hata kwenye kilio cha muntu muzuri amekuja kuharibu. Mwenzake akavuta mkoba wake akaukumbatia.

Cédrick alikuwa anakunja mguu wa kamera, ule ule aliouchomelea Urbain.

"Utaitumia?" Urbain akamwuliza.

"Nitakata pale mwanzo, mpaka kwenye kuketisha Ulrich. Ile nyingine siwezi kuonyesha, Papa Urbain. Ukionyesha ile, hakuna tena Papa Mushauri, na mudogo wake wa Kiambi haendi popote." Hakuwa na hasira, alikuwa amechoka tu. "Ile nafasi nitampa Exaucé wa kwaya. Yeye ana uso wa upole."

"Ana uso wa upole," Urbain akakubali.

"Na wewe Alhamisi njoo. Kuna shamba la kuchoma."

Ilimuuma. Asiyejua thamani ya mlango mmoja wa chuma atasema ni kitu kidogo, lakini ilimuuma, na alipomwona Éliane ng'ambo ya uani anaosha masahani na wanawake wengine, hakujua atamwambia nini. Éliane alikuwa ameona yote. Alimtazama, akatikisa kichwa, na akarudi kwenye masahani yake. Alikuwa amelia, hata hivyo.

Cédrick akachukua miwani juu ya dirisha, akaifunga kwenye kitambaa, akaenda.

Jua lilikuwa limelala kwenye ukuta wa jiko. Urbain akaanza kufungua vifungo vya koti ili alirudishe. Mama Lucie alikuwa amekaa kwenye kigoda kando ya mbabula, uso umevimba, anachambua mchele wa jioni. Akamwona.

"Ngoja kwanza," akasema. "Usiivue. Kaa nayo kidogo tena."

Akainama, akatoa chini ya meza redio ndogo iliyofungwa kwa ukanda wa mpira, akampa. Urbain akafunga vifungo. Akaburuza kiti mpaka kwenye kivuli, akakigeuza, akakaa, akaiweka redio sikioni. Betri zilikuwa zimekufa. Mama Lucie aliendelea na mchele wake nyuma ya mgongo wake, na hawakusemezana, maana saa hizo Salomon hakuwa anaongea.